Nani Aliiteua Bodi ya Sarafu, na Iliruhusiwa Kufanya Nini?

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Pangani hadi mwisho wa umri wake, alikuwa na uzi wa katani uliotungwa senti za tundu kama shanga: za senti kumi, za senti tano na chache za senti moja, nyingi zikiwa na jina la Afrika Mashariki kwa Kiingereza na jina la mfalme aliyefariki kabla sijazaliwa. Uzi huo aliutundika ndani ya kabati la nguo, nyuma ya kanga, na alikuwa akiutoa siku za sikukuu ili wajukuu tuchezee hesabu. Nilimwuliza siku moja ni nani aliyezitengeneza senti hizo. Akanijibu kwamba ni serikali. Nilipomwuliza ni serikali ipi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile ya mbali, mjukuu wangu."

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshika kazi ya uhasibu, nilianza kusoma historia ya fedha za pwani na bara, nikagundua kwamba jibu la bibi lilikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Senti nyingi za uzi ule zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoundwa London mwezi Desemba mwaka 1919 na kukaa huko huko London kwa takriban miaka arobaini. Noti zake za miaka ya 1930 na 1940 ziliandikwa neno Nairobi juu ya tarehe, kana kwamba zimetolewa Nairobi, wakati waliozitolea uamuzi na kutia saini zao walikuwa wameketi kando ya mto Thames. Mtu wa Tabora au Kisumu aliyeshika noti hiyo mkononi hakuwa na njia ya kujua kwamba mji ulioandikwa haukuwa mji wa wenye mamlaka.

Ninaandika makala hii kwa sababu mjadala kuhusu wasimamizi wa fedha na benki katika nchi zetu umekuwa mkali, na kila unapozuka huwa ninasikia hoja mbili ambazo haziniridhishi. Wapo wasemao kwamba Bodi ya Sarafu ilikuwa mashine tu, iliyobadilisha pauni kuwa shilingi na shilingi kuwa pauni bila hila, na kwamba laiti tungebaki nayo tungeepuka mengi. Wapo pia wasemao kwamba yote yaliyoamuliwa London yalikuwa dhuluma na kwamba lolote ambalo lingeamuliwa hapa lingekuwa haki. Mimi ninaamini kwamba ugomvi uliohusu Bodi hiyo, tangu siku ya kuzaliwa kwake hadi ilipovunjwa, ulikuwa ugomvi kuhusu uteuzi na majukumu kwa pamoja: aliyewateua wajumbe ndiye aliyewachorea mipaka ya kazi, na mipaka hiyo ilifuata masilahi yake kwa uaminifu mkubwa.

Kabla ya Bodi, fedha ya pwani ilikuwa rupia ya Bara Hindi. Ililetwa na biashara ya Wahindi na Waarabu, ikazoeleka Unguja na Mombasa, na reli ya Uganda ikaipeleka bara. Mwaka 1905 amri ya kifalme iliifanya rupia kuwa fedha halali ya himaya ya Afrika Mashariki na ya Uganda, kwa kiwango cha rupia kumi na tano kwa pauni moja, yaani rupia moja kwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Waliwekwa makamishna wa sarafu Mombasa, ambao waliruhusiwa kutoa noti za rupia zenye dhamana ya fedha iliyohifadhiwa. Kusini ya mpaka Wajerumani nao walikuwa na rupia yao, ambayo tangu mwaka 1904 waliigawa katika heller mia moja, na kutokana na heller hiyo sisi wa Tanzania tunasema "hela" hadi leo tunapotaka kusema fedha. Kwa ufupi, kabla ya vita kuu ya kwanza makamishna wa sarafu wa upande wa Waingereza walikuwa maofisa wa serikali ya hapa, wakifanya kazi Mombasa, wakijuana na wafanyabiashara wa mji na mameneja wa benki.

Vita vilivuruga mpangilio huo. Bei ya madini ya fedha ilipanda duniani, na rupia, iliyokuwa ya fedha, ikapanda pamoja nayo. Mwanzoni mwa mwaka 1920 rupia moja ilifika zaidi ya shilingi mbili na nusu za Kiingereza. Ili msomaji aone uzito wa jambo hilo, na tuchukue mlowezi wa bonde la Ufa aliyekopa rupia elfu kumi na tano benki kabla ya vita. Deni lake lilikuwa sawa na pauni elfu moja. Mazao yake, kahawa au katani, aliyauza London na kulipwa kwa pauni. Rupia ikiwa na thamani ya shilingi mbili, deni lile lile linakuwa pauni elfu moja na mia tano, ingawa hakukopa hata senti moja zaidi. Na ikipanda kupita hapo, deni hupanda nayo. Walowezi walipiga kelele kwa gavana, Sir Edward Northey, na kelele hizo zilifika kwa Lord Milner aliyekuwa Waziri wa Makoloni. Benki kwa upande wao, ambazo zilikuwa na amana na madai kwa rupia, na mojawapo iliyo kubwa kuliko nyingine, National Bank of India, ikiwa na mizizi yake katika biashara ya Bara Hindi, hazikutaka rupia iteremshwe kwa amri. Wafanyabiashara wa Kihindi pia walikuwa na sababu zao za kuilinda fedha iliyowaunganisha na Bombay.

Bodi ilizaliwa katikati ya ugomvi huo. Makamishna wa Mombasa waliwekwa kando, na mahali pao pakawekwa watu walioteuliwa na Waziri wa Makoloni, wakitoka katika wizara yenyewe na katika ofisi ya Mawakala wa Taji, yaani wakala wa London aliyeshughulikia fedha na manunuzi ya makoloni, ambao tayari walikuwa wakisimamia bodi ya namna hiyo ya Afrika Magharibi iliyoundwa mwaka 1912. Uamuzi wa kiwango ulifuata: rupia ilifungwa kwenye shilingi mbili, na mwaka 1920 ikageuzwa kuwa florini, sarafu mpya yenye thamani hiyo. Kiwango hicho hakikuwaridhisha walowezi, kwa kuwa kilikuwa juu kuliko cha zamani kwa nusu nzima, wala hakikuziridhisha benki, ambazo ziliona rupia ya sokoni iko juu zaidi. Kisha, kana kwamba kwa makusudi ya kuwaumbua walioamua, bei ya madini ya fedha ikaanguka, na kufikia mwaka 1921 rupia ya Bara Hindi ilikuwa imerudi karibu na shilingi moja na peni nne. Kwetu rupia ilikuwa imefungwa kwenye shilingi mbili. Mtu angeweza kununua rupia Bombay kwa bei ya chini, kuzivusha bahari kwa jahazi na kuzibadili Mombasa kwa faida, na ilibidi kupiga marufuku uingizaji wake. Bodi ilizikomboa rupia zilizokuwa mikononi mwa watu kwa bei ya juu, ikabaki na shehena ya madini ya fedha ambayo sokoni ilikuwa na thamani ndogo. Ilianza maisha yake ikiwa na pengo katika akiba, na ilichukua takriban miaka thelathini hadi pengo hilo kuzibwa.

Hasara hiyo ilibebwa na nani? Ilibebwa na nchi zetu, kwa kuwa faida ambayo Bodi ingezigawia serikali za hapa kutokana na kutoa sarafu ilitumika kwa muda mrefu kuziba pengo la uamuzi ambao hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Ninakaa juu ya jambo hili kwa sababu ndilo linalonifanya nikatae hoja ya mashine. Mashine haichagui kiwango. Kiwango cha shilingi mbili kilichaguliwa na watu wenye majina na vyeo, katika mji wenye benki zilizoweza kubisha hodi katika ofisi zao siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, hoja ya pili nayo haisimami, na sehemu ya kisa hiki inayonifanya niseme hivyo ndiyo sehemu ninayotamani ingefundishwa katika kila shule ya Kenya na Tanzania. Florini haikudumu. Walowezi walidai shilingi badala yake, na mwaka 1921 wakaipata: florini moja ikawa shilingi mbili, na shilingi ikagawanywa katika senti mia moja. Hapo likatokea swali la senti. Senti ya zamani ilikuwa sehemu moja kwa mia ya rupia, kisha ya florini. Kwa haki, senti moja ya zamani ilikuwa sawa na senti mbili za shilingi mpya. Senti hizo za tundu ndizo zilizokuwa fedha ya Waafrika. Mzungu alikuwa na noti na hawala za benki, Mhindi alikuwa na rupia na hundi, lakini Mwafrika aliyelipwa mshahara wa shambani au aliyeuza kuku sokoni alikuwa na senti, na mara nyingi alizitunga katika uzi kama alivyofanya bibi yangu. Basi lilitolewa pendekezo, na lilitolewa hapa hapa Kenya, na watu waishio hapa, kwamba senti za zamani zisibadilishwe, ila zihesabiwe tu kuwa senti za shilingi mpya. Jina lingebaki lile lile na umbo lingebaki lile lile, na nusu ya akiba ya mamilioni ya watu maskini ingetoweka usiku mmoja.

Wazo hilo lilikufa kwa sababu ya upinzani uliofika hadi London, na hatimaye halikutekelezwa. Lakini na ifahamike kwamba lilitoka karibu na halikutoka mbali. Mwaka huo huo wa 1921 walowezi waliamua kupunguza mishahara ya vibarua Waafrika kwa theluthi moja, na hasira iliyotokana na uamuzi huo, pamoja na kodi na kipande, yaani hati ya utambulisho ambayo Mwafrika alilazimishwa kuibeba, ndiyo iliyompa Harry Thuku, mwanasiasa wa mwanzo wa Waafrika wa Kenya, umati wa wasikilizaji Nairobi. Kama usimamizi wa sarafu ungekabidhiwa wakati huo kwa kamati ya watu wa hapa, watu wa hapa wangekuwa walowezi, kwa sababu wao ndio waliokuwa na sauti kubwa katika vyombo vya maamuzi. Kwa hiyo kila ninaposikia mtu akisema kwamba kosa la Bodi lilikuwa umbali wake, huwa ninamkumbusha habari ya senti. Umbali ulikuwa sehemu ya kosa. Kosa lenyewe lilikuwa kwamba wenye senti hawakuwa na mjumbe popote, si London wala Nairobi.

Baada ya dhoruba hiyo Bodi ilitulia katika kazi ambayo iliifanya kwa utaratibu usiobadilika. Benki ililipa pauni London, na ofisa wa sarafu wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala akatoa shilingi, kwa kiwango cha shilingi ishirini kwa pauni na kwa ada ndogo. Benki ikirudisha shilingi hapa, ililipwa pauni kule. Pauni zilizokusanywa ziliwekwa katika dhamana, yaani hati za mkopo, za serikali ya Uingereza na za makoloni mengine. Unguja iliingia katika mfumo huo mwaka 1936, na wakati wa vita kuu ya pili shilingi ya Afrika Mashariki ilifuata majeshi hadi Somalia, Eritrea na Ethiopia. Aden nayo iliitumia kuanzia mwaka 1951. Katika ukubwa wake wote huo Bodi haikuwa na ruhusa ya kuuliza swali moja lililokuwa muhimu kwetu, nalo ni benki zinafanya nini na fedha za watu.

Hilo ndilo jambo la majukumu, na ninaliona kuwa kiini cha ugomvi wote. Bodi ilitoa fedha lakini haikusimamia benki. Haikuweza kuzitaka ziweke akiba ya kiasi fulani, haikukagua vitabu vyao, haikuweza kuikopesha benki iliyoelemewa, wala haikuwa na kauli juu ya riba, ambayo benki zilipangiana kwa mapatano yao. National Bank of India, Standard Bank of South Africa na Barclays zilikusanya amana za Mombasa, Tanga na Kampala, na kilichozidi mahitaji ya wateja wao wakakipeleka London. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au wa pamba wa Usukuma hakuweza kukopa kwa sababu ardhi yake haikukubalika kama rehani, na juu ya hayo kulikuwa na sheria, Kenya na Tanganyika, zilizowekea mipaka mikopo kwa Waafrika kwa madai ya kuwalinda. Matokeo yake ni kwamba akiba ya nchi maskini ilikopeshwa nchi tajiri mara mbili: mara ya kwanza kupitia dhamana za Bodi, mara ya pili kupitia ziada za benki. Halafu serikali za makoloni zikaenda katika soko hilo hilo la London kukopa fedha za reli na bandari, na zikalipa riba.

Bei za mazao zilipoanguka katika miaka ya 1930, mfumo huo ulionyesha ukali wake. Pauni zilizoingia zilipungua, kwa hiyo shilingi katika mzunguko zilipungua, na hapakuwa na mtu mwenye jukumu la kuuliza kama inafaa nchi nzima ikaushwe fedha wakati ambapo watu wake tayari wamekaushwa mapato. Mwezi Septemba mwaka 1949 Uingereza iliteremsha pauni kutoka dola 4.03 za Marekani hadi dola 2.80, na shilingi yetu ikateremka nayo kwa kiasi hicho hicho. Waliofanya uamuzi huo walikuwa na sababu zao za uchumi wa Uingereza. Muuza mkonge wa Tanga, ambaye wakati huo alikuwa akiziletea nchi zilizotumia pauni dola nyingi, hakuulizwa, na Bodi iliyoshika fedha yake haikuwa na sauti ya kuulizia kwa niaba yake.

Katika miaka ya 1950 madai ya kubadili uteuzi na majukumu yalianza kusikika katika makoloni yote ya Uingereza, na majibu yake yanafaa kulinganishwa. Nchini Ghana, ilipokuwa bado Gold Coast, Sir Cecil Trevor alipendekeza mwaka 1951 ianzishwe benki ya taifa ambayo ingeweza kukua na kuwa benki kuu. Nigeria ilimpokea J. L. Fisher kutoka Bank of England, naye mwaka 1952 akasema kwamba wakati wa benki kuu haujafika kwa kuwa hakuna soko la fedha la kuendeshwa. Miaka mitano baadaye J. B. Loynes, naye wa Bank of England, alitoa ripoti iliyofungua mlango wa benki kuu ya Nigeria. Sababu za Fisher zilikuwa na uzito wa kitaalamu, na sitaki kuzidharau. Lakini sharti la kwamba soko liwepo kwanza ndipo mwangalizi wake ateuliwe linafanana na kumkataza mtu kununua jembe mpaka shamba liwe limekwisha kulimwa.

Kwetu mabadiliko yalikuja kidogo kidogo. Mwaka 1955 Bodi iliruhusiwa kushika dhamana za serikali za Afrika Mashariki kwa kiasi cha hadi pauni milioni 10, na kiwango hicho kikaongezwa baadaye, kwa hiyo kwa mara ya kwanza shilingi ingeweza kutolewa bila pauni kulala London kwa ajili yake. Mwaka 1960 makao yake yalihamishiwa Nairobi, na wakaingia wajumbe kutoka hazina za nchi zetu wakiwa pamoja na mtaalamu wa benki kutoka Uingereza. Neno lililokuwa limeandikwa juu ya noti kwa miaka mingi likawa kweli. Bodi hiyo mpya ilianza kusaidia fedha za msimu wa mazao na kushika hawala za muda mfupi za serikali, na noti zake za mwaka 1964, zenye picha ya jahazi katika ziwa Viktoria badala ya sura ya malkia, bado zinakumbukwa na wazee wengi.

Lakini kuhamia Nairobi kulizua swali jipya, na hapa ugomvi ukawa wetu wenyewe. Tanganyika ilipopata uhuru mwezi Desemba mwaka 1961 iliona kwamba London imekwenda na Nairobi imebaki. Ofisi kuu za benki katika kanda zilikuwa Nairobi, fedha za Dar es Salaam na Mwanza zilivutwa huko kwanza, na hofu ya walowezi kuhusu uhuru wa Kenya ilikuwa imeshasababisha mitaji mingi kukimbia kupitia mlango huo huo. Serikali ya Tanganyika ilimwalika Erwin Blumenthal, mtaalamu kutoka benki kuu ya Ujerumani Magharibi, naye mwaka 1963 akatoa ripoti iliyopendekeza ngazi mbili: kila nchi iwe na benki ya serikali itakayosimamia benki za biashara na kuhudumia serikali yake, na juu ya zote iwepo benki kuu moja ya Afrika Mashariki itakayotoa fedha na kushika akiba ya nje. Ninaiona ripoti hiyo kuwa jaribio la busara la kutenganisha majukumu ambayo yasingekubali kukaa chini ya mteuzi mmoja. Usimamizi wa benki ungefanywa na aliye karibu na mkopaji, na thamani ya fedha ingelindwa na chombo ambacho hakuna serikali moja ingeweza kukiamuru.

Tatizo lilikuwa kwamba chombo cha juu kilihitaji mteuzi wa juu, na mteuzi huyo hakuwepo. Tarehe 5 Juni mwaka 1963 viongozi wa nchi tatu walitangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho, na kama shirikisho hilo lingesimama, lingekuwa na rais na bunge la kumteua gavana na kumwajibisha. Halikusimama. Bila shirikisho, kila pendekezo la benki kuu moja liligota katika maswali yale yale: nani ateuliwe gavana, na ateuliwe na nani, serikali ipi iruhusiwe kukopa kiasi gani, na ikiwa Tanzania inataka kutumia mikopo kujenga vijiji na viwanda wakati Kenya inataka kulinda imani ya wawekezaji, msimamizi mmoja amtii nani? Mwezi Juni mwaka 1965 serikali tatu zilitangaza kwamba kila moja itakuwa na fedha yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni mwaka 1966, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Ya Uganda ilifunguliwa mwezi Agosti chini ya Joseph Mubiru. Ya Kenya ilianza na Leon Baranski, mtu kutoka nje, hadi mwaka 1967 alipochukua nafasi hiyo Duncan Ndegwa.

Ninapoyasoma yaliyofuata, sioni kwamba swali la uteuzi lilijibiwa. Mwezi Februari mwaka 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, Tanzania ilitaifisha benki zote za biashara, na hivyo swali ambalo Bodi haikuruhusiwa kuliuliza kwa miaka arobaini lilijibiwa kwa pigo moja: amana za watu zibaki nchini. Lakini msimamizi na wasimamiwa wakawa sasa wote ni watumishi wa serikali moja, na miaka iliyofuata iliwaonyesha wahasibu wa umri wangu jinsi ilivyo vigumu kwa mteuliwa kumwambia mteuzi kwamba fedha zimekwisha. Mtei mwenyewe, akiwa Waziri wa Fedha, aliondoka serikalini mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Nchini Uganda hali ilikuwa mbaya kuliko tofauti za maoni. Joseph Mubiru aliuawa mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin. Blumenthal naye, kwa wale wanaopenda kufuatilia mikono ya historia, alipelekwa Kinshasa mwaka 1978 kwa niaba ya wakopeshaji ili asimamie benki kuu ya Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akaondoka mwaka uliofuata, na mwaka 1982 akaandika kwamba wadai hawana matumaini ya kulipwa kwa kuwa hakuna wa kuuzuia mkono wa mtawala, Mobutu Sese Seko. Mtu aliyeteuliwa na wageni alijikuta hana nguvu mbele ya mtu aliyejiteua mwenyewe.

Bibi yangu alifariki akiwa amekwisha kuona rupia zikitajwa na wazazi wake, hela za Wajerumani, shilingi za mfalme, noti za jahazi na shilingi za Tanzania. Noti za Bodi alizibadilisha benki muda ulipotangazwa, kama watu wengine wa Pangani. Uzi wa senti hakuupeleka. Upo kwangu sasa, Dar es Salaam, na nilipokuwa nikiandaa makala hii niliufungua na kuzipanga senti moja moja juu ya meza. Moja kati yake ni tofauti na nyingine: ni ya senti kumi, ya mwaka 1912, na maandishi yake yanataja himaya za Afrika Mashariki na Uganda, kwa maana ni ya enzi ya rupia, kabla Bodi haijakuwepo. Ilikuwa ya mama yake, aliyeolewa Pangani kutoka Vanga. Tulipokuwa tukicheza hesabu siku za sikukuu, na mmoja wetu akaifikia senti hiyo na kusema kumi, bibi alikuwa akitusahihisha kila mara bila kueleza sababu. Hiyo, alikuwa akisema, mama alinambia ni ishirini.